Viunzi vya Msichana wa Iftin

Mnamo Julai 2022, katika Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Eugene, Marekani, Tobi Amusan wa Nigeria aliweka rekodi ya dunia ya mita 100 kuruka viunzi kwa wanawake: sekunde 12.12. Waandishi wengi wa Kiswahili humchora msichana kama mkimbiaji wa mbio hizo, aruke vikwazo vya maisha ashinde. Taswira hiyo ina dosari. Uwanjani, viunzi vyote 10 vina kimo cha sentimita 83.8 kwa kila mshindani. Msichana wa Iftin, Garissa, hukabiliwa na ukame, ukosefu wa karo na ndoa za mapema. Viunzi vyake vimepandishwa. Basi fasihi isimsifie ustahimilivu tu, bali iwataje waliovipandisha na kuwadai wavishushe.