Waziri Aulizwe kwa Maandishi

Swali la maandishi ni swali ambalo mbunge hulikabidhi kwa Katibu wa Bunge, likapelekwa wizarani, na waziri akalijibu kwa karatasi bila kusimama mbele ya kipaza sauti. Jibu lake huingia katika kumbukumbu rasmi za Bunge, yaani Hansadi, na hubaki humo hata waziri akihamishwa, Serikali ikibadilika na mbunge aliyeuliza akikosa kura za kumrudisha. Halina makofi wala vijembe, na kamera za televisheni hazina habari nalo. Ndiyo maana wabunge wengi huliona jambo dogo, wakapendelea kusimama na kunguruma. Wanakosea. Katika zana zote za mbunge asiye na cheo, awe wa chama tawala au wa upinzani, hii ndiyo isiyohitaji kura wala foleni ya kuchangia, na ndiyo inayomwacha waziri na maneno yake mwenyewe yakiwa yamepigwa chapa.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 haikulifanya jambo hili dogo. Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, kisha inataja njia za kufanya hivyo. Njia ya kwanza katika orodha hiyo ni kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kujadili wizara wakati wa bajeti kumefuata baadaye, na kutunga sheria, kazi ambayo wengi hudhani ndiyo ya kwanza ya mbunge, kumewekwa nyuma ya hayo. Kenya imepita njia nyingine. Chini ya Katiba ya 2010 waziri si mbunge tena, lakini Ibara ya 153 inamlazimu kufika mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti anapotakiwa, na kujibu maswali ya wizara yake. Tangu 2023 mawaziri wa huko wameanza pia kufika ukumbini kujibu mbele ya wabunge wote.

Desturi yenyewe ilitoka London. Swali la kwanza linalokumbukwa liliulizwa mwaka 1721 katika Baraza la Mabwana, pale Earl Cowper alipotaka kujua kama ni kweli Robert Knight, mtunza fedha wa South Sea Company, amekamatwa Brussels. Kampuni hiyo ilikuwa imewafilisi maelfu ya watu, na Knight alikuwa ametoroka na siri zake. Tangu siku ya kwanza, basi, Bunge lilikuwa likiuliza fedha za watu zimekwenda wapi na aliyezitunza yuko wapi. Kuanzia 1835 maswali yalichapwa katika orodha ya shughuli za siku, na mwaka 1902, maswali ya mdomo yalipozidi muda uliokuwapo, ukawekwa utaratibu wa kujibu mengine kwa maandishi. Sababu hiyo ya maswali kuzidi muda bado ipo. Katika Lok Sabha, bunge la chini la India, orodha ya siku moja huwa na maswali 20 ya kujibiwa kwa mdomo, ambayo machache tu ndiyo hufikiwa, na maswali 230 ya kujibiwa kwa maandishi.

Anayetaka kuona udhaifu wa jibu la mdomo asikilize kipindi cha maswali pale Dodoma, saa tatu asubuhi. Naibu Waziri husimama, akaomba kujibu kwa niaba ya Waziri, akasoma ukurasa mmoja au miwili. Mbunge hupewa maswali mawili ya nyongeza, na mara nyingi nusu ya nafasi hiyo huliwa na shukrani kwa majibu mazuri ya Serikali. Kisha Spika huita swali linalofuata. Hapana aliyepata nafasi ya kulinganisha tarakimu na zile za mwaka jana, wala ya kutambua kwamba sehemu (b) ya swali imerukwa kimyakimya. Jibu la maandishi haliponyoki hivyo. Linasomwa taratibu, linasomwa mara ya pili, na linawekwa mezani kando ya taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Kazi ya swali huanza kabla ya jibu kuandikwa. Likifika wizarani, Katibu Mkuu hulipeleka kwa mkurugenzi wa idara inayohusika. Mkurugenzi humpa ofisa wa chini, naye huteremka masijala kutafuta jalada. Kama jalada halipo, au lipo na barua ya mwisho ndani yake ni ya miaka mitatu iliyopita, jambo ambalo halikumsumbua mtu sasa linakuwa dokezo linalopanda ngazi kwa ngazi hadi kwa waziri, na kila ngazi inaweka saini. Kama swali ni la mradi wa maji, halmashauri hupigiwa simu ili ieleze pampu iko wapi. Mhandisi hutumwa akaione kwa macho. Pengine pampu inafungwa wiki hiyohiyo, ili waziri aweze kuandika kwamba mradi unatoa maji. Wapo wanaolalamika kwamba maswali hupoteza muda wa watumishi, ilhali muda mwingi unaopotea ni ule wa kutafuta karatasi ambazo zingepaswa kuwa mahali pake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na swali la mbunge ndilo hulilazimisha daftari kufunguliwa.

Lakini si kila swali lina uwezo huo. Mbunge akiandika, "Je, Serikali ina mpango gani wa kuwapatia wananchi wa jimbo hili maji safi na salama?" amempa waziri zawadi. Jibu linajulikana hata kabla ya kuandikwa: Serikali inatambua umuhimu wa maji, imeendelea kutenga fedha, upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea, na utekelezaji utaanza kadri fedha zitakavyopatikana. Hakuna uongo humo, na hakuna kitu. Swali lilimwuliza waziri nia yake, naye akaeleza nia njema, kwani nani ana nia mbaya kuhusu maji?

Mbunge huyohuyo na aandike hivi: katika mwaka wa fedha uliopita visima vingapi vilichimbwa katika halmashauri hii, na katika vijiji gani, vingapi kati ya hivyo vinatoa maji hadi tarehe ya jibu hili, kila kimoja kililipiwa shilingi ngapi, na kwa mkandarasi gani, na hati ya makabidhiano ya kila kisima ilisainiwa tarehe gani? Hapa neno mpango halipo, na waziri hana pa kuingiza hotuba. Lazima ataje idadi, majina ya vijiji, fedha na tarehe. Akisema visima ni kumi, wananchi wa vijiji hivyo wanaweza kwenda kuvihesabu. Akisema tisa vinatoa maji, yupo mama anayeamka alfajiri kwenda mtoni ambaye anajua kama kisima cha kijijini kwake kimo katika hivyo tisa. Swali zuri huuliza lililokwisha kutendeka kabla ya kuuliza litakalotendeka, na hutaka karatasi ambayo ama ipo ama haipo.

Kanuni za mabunge mengi zenyewe humfundisha mbunge nidhamu hiyo. Swali haliruhusiwi kuwa hotuba, wala kubeba kejeli au dhana isiyo na uthibitisho, wala kugusa shauri lililo mahakamani. Wengine huona masharti haya ni kamba ya kuwafunga mdomo. Kwa kweli humkinga mwuliza swali, maana waziri akiona neno la kejeli hulijibu hilo, akaacha mengine yote.

Uzito wa jibu lililoandikwa ulionekana wazi nchini Uingereza katika kashfa ya silaha za Iraki. Mwaka 1984, vita vya Iran na Iraki vikiwa vimepamba moto, Serikali ilijiwekea miongozo ya kuzuia mauzo ya zana ambazo zingeongeza nguvu za kivita za upande wowote. Desemba 1988, vita vikiwa vimesimama, mawaziri wadogo watatu, William Waldegrave, Alan Clark na Lord Trefgarne, walikubaliana kuilegeza. Bunge halikuambiwa. Wabunge walioandika na kuuliza mwaka uliofuata walijibiwa kwamba sera haijabadilika. Wakati huohuo viwanda viliendelea kupata leseni, na baadaye wakurugenzi watatu wa kampuni ya Matrix Churchill wakashtakiwa kwa kuuza mashine ambazo wizara zenyewe zilijua habari zake. Kesi ilivunjika Novemba 1992, baada ya Clark kusimama kizimbani na kukiri yaliyokuwa yakijulikana.

Jaji Sir Richard Scott alipewa kazi ya uchunguzi. Pamoja na mashahidi, alikuwa na kitu ambacho kisingekuwapo kama wabunge wangeuliza kwa mdomo tu: majibu na barua zenye tarehe na saini, ambazo aliweza kuzipanga kando ya madokezo ya ndani ya wizara. Ripoti yake ya Februari 1996 ilieleza jinsi majibu yaliyotolewa bungeni yalivyoshindwa kueleza ukweli wa sera. Serikali iliponea katika mjadala kwa tofauti ya kura moja, 320 kwa 319. Machi 1997 mabunge yote mawili yakapitisha azimio kwamba waziri ana wajibu wa kulipa Bunge taarifa sahihi na za kweli, na anayelipotosha kwa kujua atarajiwe kujiuzulu. Waliouliza mwaka 1989 walipata jibu baya, na jibu hilo baya ndilo lililokuja kuwa ushahidi.

Afrika Mashariki ina mfano wake, na wa uchungu zaidi. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana. Taarifa ya serikali ya koloni ilidai wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Wakenya hawakuwa na kura London, lakini wabunge wa upinzani wa huko, Barbara Castle miongoni mwao, walikuwa wamemwandama Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, kuhusu mateso ya Kenya kwa miaka kadhaa. Hadithi ya maji haikudumu. Uchunguzi wa vifo ulionyesha kipigo, na Serikali ya Uingereza ikabanwa bungeni Juni na Julai mwaka huo hadi haikuwa na pa kujificha.

Mawaziri nao wana vichochoro vyao. Kimojawapo ni kusema kwamba takwimu hazikusanywi kwa mpangilio ulioulizwa, na kingine kwamba kuzitafuta kutagharimu mno. Uingereza imeweka hata kiwango, pauni 850, ambacho gharama ikikipita wizara inaweza kukataa. Dawa ni kugawa swali kubwa katika madogo: wilaya moja badala ya mkoa, mwaka mmoja badala ya mitano. Na jibu kwamba takwimu hazipo lisipokewe kwa huzuni. Wizara inayokiri kwa maandishi kwamba haijui imejenga zahanati ngapi imejibu swali kubwa kuliko lililoulizwa.

Doa la utaratibu huu liko upande wa wabunge wenyewe. Mwaka 1994 magazeti ya London yalifichua wabunge waliokuwa tayari kuuliza maswali kwa malipo ya wafanyabiashara, na Desemba 2005 Bunge la India liliwafukuza wabunge 11 kwa kupokea fedha za namna hiyo. Swali linalonunuliwa linaweza kuandikwa kwa ufundi kuliko la halali, kwa hiyo ufundi pekee si kinga. Mbunge mwenye maslahi katika jambo na ayatangaze kabla ya kuuliza.

Linalobaki ni kufuatilia, na hapo ndipo wengi huishia njiani. India iliunda mwaka 1953 kamati ya Lok Sabha ya ahadi za Serikali, inayopitia maneno ya mawaziri, ikayaokota yale yanayohesabiwa kuwa ahadi, na kudai yatekelezwe ndani ya miezi mitatu. Bunge la Uganda nalo lina kamati ya ahadi za Serikali. Pasipo na kamati, ofisi ya mbunge yaweza kufanya kazi hiyo kwa daftari la kawaida lenye safu nne: tarehe ya jibu, waziri aliyejibu, alichoahidi, na siku ya mwisho. Wananchi, waalimu na wauguzi ndio wanaojua kama safu ya tatu imetimia, na ni wajibu wao kumpelekea mbunge habari hizo zikiwa na jina la kijiji na tarehe, si kumsubiri aje kwenye mkutano wa hadhara wamzomee. Siku ya mwisho ikipita bila utekelezaji, swali la pili lipelekwe kwa Katibu wa Bunge, na mstari wake wa kwanza utaje tarehe ya jibu la kwanza na maneno ya waziri kama yalivyo katika Hansadi.