Nadhiri ya Ufukara na Mkoba wa Mganga

Je, mhusika aliyeapa kutomiliki chochote aweza kubeba vifaa vya uganga wake bila ya kuvunja kiapo? Swali hili limewagawa kwa muda mrefu wapenzi wa michezo ya masimulizi ya mezani. Huenda mwanafunzi wa fasihi akalipuuza kwa kudhani kuwa ni la watoto. La hasha. Ni swali la uhusika, na ni swali la maana ya neno "nadhiri".

Mchezo unaokusudiwa hapa ni Dungeons & Dragons, uliochapishwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka wa 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Wachezaji huketi kuizunguka meza, kila mmoja akisema na kutenda kwa niaba ya mhusika wake. Mmoja wao huwa msimulizi, nayo dadu huamua yale ambayo maneno peke yake hayawezi kuyaamua. Aliyesoma fasihi simulizi atamtambua fanani papo hapo, pamoja na hadhira isiyokubali kukaa kimya. Tofauti kubwa ni kwamba miiko ya ngano hii imeandikwa vitabuni na kupangiwa bei.

Mwaka wa 2003 kilitoka kitabu Book of Exalted Deeds cha James Wyatt, Christopher Perkins na Darrin Drader, ambacho kilimruhusu mhusika kuweka nadhiri ya ufukara. Aliyeiweka hubakiwa na silaha duni (aghalabu mkongojo), nguo za kawaida, chakula cha siku moja katika mfuko, na mkoba wa vifaa vya uganga. Aweza kunywa dawa aliyopewa na rafiki, lakini haruhusiwi kuazima joho lenye nguvu na kulivaa. Waswahili walikwisha kuamua hilo kitambo: nguo ya kuazima haisitiri matako. Akivunja nadhiri, hupoteza fadhila zake zote wala hazirudi tena.

Utata umo katika mkoba. Kwa mujibu wa sheria za mchezo za mwaka huo huo wa 2003, mkoba huo una kila kitu kinachohitajika katika uganga isipokuwa vitu vyenye bei maalumu na alama takatifu ya kuhani. Yaani kuhani fukara anaruhusiwa mkoba wa vipande 5 vya dhahabu, ilhali alama ya mbao ya mungu wake, yenye thamani ya kipande 1, haimo katika orodha! Msimulizi anayeshikilia andiko neno kwa neno atamnyang'anya kuhani kile kitu ambacho fukara yeyote wa kweli angekufa nacho mkononi.

Watunzi wa kitabu hicho si wa kwanza kukwama hapa. Wafuasi wa Fransisko wa Asizi, ambao kanuni yao ilithibitishwa mwaka wa 1223, walibishana kwa takriban karne nzima kuhusu mabuku, majoho na nafaka za ghalani. Mwaka wa 1279 Papa Nikolasi III aliwapa njia: mali iwe ya Kanisa la Roma, nao ndugu wawe na matumizi tu. Mwaka wa 1322 Papa Yohane XXII aliikataa hoja hiyo kuhusiana na vitu vinavyokwisha kwa kutumiwa. Anayekula mkate, alisema, hawezi kudai kuwa ameutumia bila ya kuumiliki. Ugomvi ulikua hadi William wa Ockham na wenzake wakatoroka Avignon mwaka wa 1328.

Mgawanyo huu wa kale kati ya kitu kinachodumu na kitu kinachokwisha wafaa kuazimwa mezani (uazimaji wa fikra haukukatazwa). Alama ya mbao hudumu, nayo yaweza kuwa mali ya hekalu au ya kijiji kilichomtuma kuhani. Kuitumia si kuimiliki. Msimulizi na airuhusu bila ya kusita.

Kitabu cha mganga msomi, yule ambaye Pwani angeitwa mganga wa kitabu, ni kisa kingine. Wapo wanaokitetea kwa hoja kwamba bila kitabu hana kazi. Hoja hii ni dhaifu. Chenyewe kitupu ni vipande 15 tu, lakini kila ukurasa unaoandikwa uganga humgharimu mwenyewe vipande 100. Kitabu hicho ni hazina inayonenepa kila mwezi, na mwenye kukiita chombo cha kazi anajidanganya. Isitoshe, sheria zenyewe zinamfungulia mlango: mganga aweza kujifunza kuhifadhi baadhi ya uganga wake kichwani, bila ya kurejelea maandishi. Atakuwa na uganga mchache, naam. Lakini mhusika anayebeba elimu yake yote kifuani, kama manju abebavyo nyimbo zake, amepata sura ambayo orodha ya vifaa haiwezi kumpa.

Almasi ndiyo ngumu zaidi. Kumfufua maiti kwahitaji almasi za vipande 5,000, nazo huteketea. Hapa hoja ya Yohane XXII yauma kwelikweli, na wachezaji wengi hutafuta ujanja wa kuikwepa: wengine humwomba msimulizi aifute bei, wengine humbebesha rafiki almasi tangu mwanzo wa safari, kana kwamba nadhiri ni kodi ya kukwepwa. Njia zote mbili zinamuua mhusika kifasihi. Heri almasi itolewe na mwingine kwa ajili ya marehemu, iwekwe juu ya kifua chake kwa mkono wa mtoaji, na kuhani atoe sauti yake tu. Aliyepewa ni maiti, si kuhani. Hivyo basi, ili rafiki afufuke, fukara hana budi kubisha hodi kwa tajiri yule yule aliyemkaripia jana sokoni. Tajiri akikataa, kaburi litachimbwa, na wenzake watamtazama yeye na mikono yake mitupu.