MUUGUZI NAYE ANA MGONGO

Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Kila mtu aliyewahi kulibeba kutoka kisimani anaujua uzito huo. Sasa fikiri juu ya mgonjwa wa kilo 60. Huyo ni sawa na madumu matatu. Tena dumu lina mahali pa kushika. Dumu halilii kwa maumivu. Dumu haliogopi, wala halikukamati shingoni kwa ghafla. Mgonjwa hufanya yote hayo.

Muuguzi wodini hunyanyua na kugeuza wagonjwa wengi kwa siku moja. Kesho hurudia kazi hiyo hiyo. Je, mgongo wake ni wa chuma? Sivyo. Naye ana mgongo kama wako.

Mimi nasema hivi: kila wodi ichague mfanyakazi mmoja awe kiongozi wa usalama wa kunyanyua wagonjwa. Nasi wananchi tudai jambo hilo, kwa sababu linatuhusu. Nitaeleza kwa nini.

Mgongo unaumiaje?

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili nyingi. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama mto mdogo. Mto huo huzuia mifupa isigongane. Mtu akiinama, akajipinda kiunoni, na papo hapo akanyanyua mzigo mzito, mto ule hubanwa sana. Ukibanwa mara nyingi huchakaa. Unaweza kutokeza nje na kuubana mshipa wa fahamu. Hapo maumivu huanza kiunoni na kushuka mpaka mguuni. Wengine hushindwa hata kushika jembe.

Mwaka 2007 wataalamu wa usalama kazini wa Marekani walitoa ushauri. Walisema mtu mmoja asinyanyue kwa mikono yake zaidi ya kilo 16 za uzito wa mgonjwa. Huo ni uzito mdogo kuliko dumu letu la maji. Uzito ukizidi hapo, vitumike vifaa. Kabla ya hapo, mwaka 2005, jimbo la Texas la nchi hiyo lilipitisha sheria inayozitaka hospitali ziwe na mpango wa kunyanyua wagonjwa kwa usalama.

Na mgonjwa je? Naye huumia. Akiburutwa juu ya shuka, ngozi yake huchubuka na vidonda vya kitandani huanza. Akivutwa kwa makwapa, bega linaweza kuteguka. Aliyevunjika uti wa mgongo akinyanyuliwa ovyo, anaweza kupooza maisha yake yote. Kwa hiyo kumlinda muuguzi ni kumlinda mgonjwa pia.

Kwa nini mtu mmoja katika kila wodi?

Wengine watasema, "Wauguzi wamefundishwa chuoni. Inatosha." Haitoshi. Wataalamu wamechunguza jambo hili katika nchi nyingi. Wameona kwamba mafunzo ya jinsi ya kuinama, yakiwa peke yake, hayapunguzi maumivu ya mgongo. Mtu hufundishwa leo, kesho wodi imejaa, naye husahau. Lazima pawe na vifaa. Na lazima pawe na mtu wa kukumbusha.

Hospitali za askari wastaafu wa Marekani zilifanya hivyo. Katika wodi zao walichaguliwa wauguzi wa kuwaongoza wenzao. Hawakuwa wakubwa wa kazi. Walikuwa wafanyakazi wa kawaida waliopewa mafunzo ya ziada. Kazi yao ilikuwa kuwafundisha wenzao, kuangalia vifaa, na kuchunguza sababu pale mtu alipoumia.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Karibu watu milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadili. Kisha walichimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake. Kiongozi huyo alitoka kijijini hapo hapo. Watu walimsikiliza kwa sababu walimfahamu. Wodi nayo ni kama kikundi. Inahitaji mtu wake.

Sheria yetu pia iko upande huu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inazungumzia wawakilishi wa wafanyakazi wa mambo ya usalama na afya. Hospitali ni mahali pa kazi kama kiwanda. Basi mwakilishi asiwe jina tu katika faili. Awe mtu anayeonekana wodini.

Hakuna fedha za mashine?

Ni kweli, mashine za kunyanyulia wagonjwa ni ghali. Lakini tusikae tukisubiri mashine. Yapo mambo mengi yanayoweza kuanza leo. Shuka nzito iliyokunjwa mara mbili, ikashikwa na watu wanne, humsogeza mgonjwa bila kumburuta. Ubao laini, uliopigwa randa vizuri, humsaidia mgonjwa kuteleza kutoka kitandani hadi kwenye machela. Fundi seremala wa hapa hapa Bukoba au Muleba anaweza kuutengeneza. Breki za vitanda na viti vya magurudumu hutengenezeka. Kamba imara ikifungwa mwisho wa kitanda, mgonjwa mwenye nguvu huishika na kujiinua mwenyewe. Kila anachoweza kufanya mgonjwa mwenyewe ni mzigo uliopungua.

Wengine watasema wauguzi ni wachache. Nakubali. Lakini muuguzi mmoja akiumia mgongo, waliobaki watakuwa wachache zaidi. Walio wachache ndio wanaopaswa kutunzwa kuliko wote.

Wewe unahusikaje?

Ndugu msomaji, hospitalini hunyanyui muuguzi peke yake. Wewe ndiwe uliyemleta baba. Wewe ndiwe uliyemshika mama alipokwenda chooni. Mgonjwa akitoka kijijini kwenda Rubya, Ndolage, Kagondo au hospitali ya mkoa hapa Bukoba, huanza kubebwa na ndugu na majirani. Muuguzi humpokea baadaye.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliupiga mkoa wetu wa Kagera. Nyumba zilianguka. Zaidi ya watu 15 walifariki na mamia waliumia. Siku kama hiyo wa kwanza kumfikia majeruhi ni jirani yake. Jirani akijua kubeba, ataokoa. Asipojua, anaweza kuongeza jeraha.

Kumbuka pia ugonjwa wa Marburg. Ulitangazwa katika mkoa wetu tarehe 21 Machi 2023. Watu tisa waliugua na sita kati yao walifariki. Mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki. Mwezi Januari 2025 ugonjwa huo ulitangazwa tena, wakati huo wilayani Biharamulo. Marburg huambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa. Kumnyanyua mtu ni kumgusa. Kwa hiyo kiongozi wa usalama hashughulikii migongo tu. Yeye ndiye wa kuuliza kwanza, "Glavu ziko wapi?"

Liko jambo jingine. Mfanyakazi akiumia kazini, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Lakini wewe uliyekuja kumuuguza baba si mwajiriwa. Ukiumia wodini, Mfuko huo haukuhusu. Ndiyo sababu kiongozi wa usalama awafundishe na ndugu wa wagonjwa. Dakika tano za kuelekezwa ni bora kuliko miezi mitano ya kulala na maumivu.

Mambo ya kukumbuka

1. Mwambie mgonjwa unachotaka kufanya. Muulize anaweza kusaidia wapi.

2. Funga breki za kitanda na kiti kabla ya kumgusa.

3. Usinyanyue peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa.

4. Mtu mmoja ahesabu: moja, mbili, tatu. Wote wanyanyue pamoja.

5. Simama karibu na mgonjwa. Panua miguu. Kunja magoti. Usijipinde kiunoni, geuka kwa miguu.

6. Usimvute kwa makwapa. Usimwache aninginie shingoni mwako.

7. Akianza kuanguka, usijaribu kumdaka kwa nguvu zote. Msogeze karibu na mwili wako na umshushe polepole mpaka chini. Kisha ita msaada.

8. Aliyeanguka kutoka juu au kugongwa na pikipiki, usimkunje wala kumkalisha. Mmoja ashike kichwa kisicheze. Wengine wamgeuze mwili wote kwa pamoja, kama gogo. Mlazeni juu ya ubao au mlango ulionyooka.

9. Damu na majimaji ya mgonjwa usiyaguse kwa mikono mitupu. Mwenye homa kali anayetokwa damu, mwiteni kwanza mhudumu wa afya.

Tufanye nini?

Zahanati na vituo vya afya vina kamati zenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Wajumbe hao ni majirani zetu. Tuwaulize katika mkutano: nani ni kiongozi wa usalama katika kila wodi? Amefundishwa? Ubao wa kuhamishia wagonjwa upo? Breki zinashika? Maswali hayo si ya ugomvi. Ni maswali ya watu wanaopenda hospitali yao.

Na uongozi ukimchagua mtu huyo, umpe muda wa kufanya kazi hiyo na umsikilize. Akisema kitanda kibovu kiondolewe, kiondolewe. Muuguzi akiripoti kwamba ameumia, asicheke mtu na asionekane mvivu. Anayeficha maumivu leo, kesho atamwangusha mgonjwa.

Tunawadai wauguzi huruma, nao wanapaswa kuwa nayo. Lakini huruma haina mikono. Mikono ni ya muuguzi, na nguvu za mikono hiyo zinatoka mgongoni. Tuutunze mgongo huo. Siku moja utakunyanyua wewe.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwaje? Kuna hatari gani?

2. Je, tunayo machela au ubao wa kubebea wagonjwa? Umewekwa kwa nani?

3. Nani kati yetu anafaa kufundishwa ili awafundishe wengine?