Meno ya Kahawia Si Dhambi

Katika sharika zetu kinywa kimoja hupewa hukumu mbili. Binti akienda mjini akarudi na meno meupe, husemwa kwamba ameifuata dunia na kwamba fedha ile ingekuwa sadaka. Asipokwenda, akabaki na meno ya kahawia aliyokua nayo, huitwa "Arusha" nyuma ya kanisa, na siku kwaya inaporekodi video anasogezwa safu ya nyuma. Tunawauliza wanaotoa hukumu hizi, ambao mara nyingi ni watu wale wale: mtoto huyu afanye nini?

Sisi wachungaji tunasema wazi, na atakayekasirika akasirike: kuwa na meno ya kahawia si dhambi, na kuyatengeneza si dhambi. Dhambi iko kwenye ulimi wa anayecheka. Wapo vijana wa kipaimara wanaojibu maswali ya katekisimo huku wamefunika kinywa kwa kiganja. Kanisa linalowafundisha kumsifu Mungu kwa sauti kuu haliwezi kuliona hilo kuwa jambo dogo.

Tujue kwanza rangi ile inatoka wapi. Si uchafu, wala si uvivu wa kupiga mswaki. Ni madini ya floraidi. Yakiwa kidogo hulinda jino lisioze, ndiyo maana yamo katika dawa ya meno. Yakizidi wakati jino la mtoto bado linajengeka ndani ya fizi, jino hutoka na madoa meupe, ambayo baadaye hugeuka kahawia, na likiathirika sana huanza kumeguka. Meno ya mbele hujengeka katika miaka ya mwanzo kabisa ya maisha. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 unayemcheka leo alipatwa na jambo hili akiwa anajifunza kutembea.

Maji ya nchi zenye volkano, kama yale ya Arumeru na ya tambarare zilizo chini ya Meru na Kilimanjaro, mahali pengi yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi 8, kwa kuwa watu wangekosa maji kabisa. Ndugu zetu wametoka Gonja wakaenda Arusha kutafuta kazi na kulea watoto huko. Watoto hao wakija likizo, wanabeba vinywani mwao kisima ambacho hawakukichimba. Na tusidhani ni maji ya wenzetu tu. Magadi tunayotia kwenye makande ili yaive upesi nayo yana floraidi, na mengine yana nyingi sana. Mpare na asimcheke mtu kabla hajachungulia chungu chake mwenyewe.

Tena Wapare ndio tusio na kisingizio kabisa. Kule Mbaga, katika milima hii hii, lipo jiwe la Malameni. Wazee husimulia kwamba hadi miaka ya 1930 vigego, yaani watoto waliotangulia kuota meno ya juu, walipelekwa pale wakafe, kwa kuwa iliaminiwa wataleta mikosi katika ukoo. Fikirini, wapendwa. Mtoto ni mzima, mama yake ana maziwa kifuani, naye anahukumiwa kufa kwa sababu ya jino. Wamisionari wa Leipzig walipoleta Injili milimani mwanzoni mwa karne ya 20, walileta neno la Bwana aliyewakumbatia watoto bila kuwakagua vinywa. Sisi ni wajukuu wa waliolipokea neno hilo. Jiwe tumeliacha, lakini mtu akipangwa safu ya nyuma kwa sababu ya meno yake, mwenendo ni ule ule. Kilichopungua ni damu.

Wapo wanaojibu kwa moyo mweupe kwamba Mungu ndiye aliyetuumba, basi mtu aridhike. Hoja hii haisimami. Kanisa letu lina hospitali hapa Bombo, na hatujasikia mzee wa kanisa akimwambia mwenye mtoto wa jicho aridhike na giza. Mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura akishonwa, tunatoa sadaka ya shukrani. Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 anauhesabu mwili na viungo vyake kuwa zawadi ya Mungu ambaye pia anaitunza zawadi hiyo, na daktari ni mmoja wa mikono yake ya kutunzia. Nao Walutheri wa mwaka 1577, walipoandika makubaliano yao ya imani, walitenga sehemu nzima, ile ya 10, kwa mambo ambayo Neno la Mungu halikuyaamuru wala kuyakataza. Walikuwa wakibishania taratibu za ibada, si meno. Lakini waliona hatari ile ile ya kumfunga mtu dhamiri kwa amri ambayo Mungu hakuitoa.

Hata hivyo, uhuru huo ni wa mwenye meno. Si wa kamati ya harusi, wala si wa shangazi wa bwana harusi anayetaka picha nzuri. Tumesikia bibi harusi akishauriwa akope kwenye kikoba ili "asitie aibu" siku ya ndoa. Anayempenda hakumwona kinywa siku zote hizo za uchumba?

Mwenye kuamua aamue akijua anachonunua. Dawa ya kung'arisha meno haifui kahawia iliyoingia ndani kama sabuni inavyofua shati. Kwa madoa mepesi inaweza kusaidia, kwa mazito mara nyingi haitoshi, na jino linaweza kubaki likiuma kwa maji baridi. Magamba membamba ya kauri yanayobandikwa mbele ya meno hupendeza, lakini mara nyingi jino hupunguzwa kwanza, na lililopunguzwa haliotai tena. Gamba nalo haliishi milele: litakuja kubadilishwa, na siku hiyo itadai fedha yake. Anayesugua meno ya watu kwa msasa au tindikali kibandani anaondoa ngozi ngumu ya jino ambayo Mungu aliiweka mara moja tu. Nenda kwa daktari wa meno aliyesomea, muulize gharama yote na siyo ya siku ya kwanza tu, na kama kuna jino lililooza, jino bovu litangulie jino baya.

Ulimi ule ule haukomei kwenye meno. Desemba wanaporudi ndugu zetu wa Dar es Salaam, yupo anayekimbia alfajiri kwenye barabara ya Maore kuelekea Ndungu, kwa kuwa ana kisukari na ameambiwa asiache mazoezi hata akiwa safarini. Huyo naye huchekwa kwamba amekosa jembe la kulima.

Tuna kazi kubwa kuliko kicheko. Usharika unaochangia kuchimba kisima upeleke maji yake kwenye maabara yapimwe floraidi kabla bomba halijafungwa na kabla hatujaitwa kukibariki. Umoja wa Wanawake waliseme jambo la magadi katika vikundi vyao, hasa kwa mama mwenye mtoto mdogo: maharage yalowekwe tangu usiku, yataiva. Na kiongozi wa kwaya, video ijayo, apange watu wake kwa sauti.