Tiketi ya Kurudi Haimrudishi Mtu Nyumbani

Hapa Kimbo kuna imani iliyogeuka kuwa sheria: kijana anayekwenda ng'ambo kusoma au kufanya kazi lazima awe na tiketi ya kwenda na kurudi, la sivyo atazuiwa kwenye kaunta ya uwanja wa Jomo Kenyatta. Utaisikia kwenye saiba, kwenye vikao vya michango na kwa maajenti wanaojua vyema kwamba mzazi hana pa kuithibitisha. Mama ameshakopa kwenye chama, shamba limeshauzwa kipande, kisha bajeti inaongezwa nauli ya safari ambayo hakuna ajuaye itafanyika lini. Imani hii ni potofu, na ni wakati tuikatae.

Kanuni ya tiketi ya kurudi ipo, ila ni ya mgeni wa muda mfupi. Anayeingia nchi za Schengen kwa viza ya siku 90 anaweza kutakiwa aeleze atarudi vipi na kwa pesa gani. Dubai nako, mwaka 2024 wenye viza ya matembezi walianza kukaguliwa kwa ukali zaidi: tiketi ya kurudi, mahali pa kulala, pesa za matumizi. Mtu kama huyo ameahidi kuondoka baada ya wiki chache, kwa hiyo ni haki aulizwe ataondoka vipi.

Mwanafunzi au mfanyakazi mwenye viza ya muda mrefu hajaahidi hivyo. Nchi anayokwenda imekubali kwa maandishi akae, na imempima kwa vipimo vingine. Ujerumani humtaka mwanafunzi aweke pesa za kujikimu kwenye akaunti maalum, na tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka. Uingereza hutaka pesa za mwanafunzi ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Kanada humtaka awe na uwezo wa kulipa nauli ya kurudi, na uwezo huo huonyeshwa kwa taarifa ya benki. Haimlazimu awe ameshakata tiketi.

Tena hesabu yenyewe haikubali. Tiketi ya ndege kwa kawaida hufa baada ya mwaka mmoja. Mkataba wa kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba huwa wa miaka miwili, na shahada huchukua mitatu au minne. Tiketi iliyonunuliwa leo itakuwa imekufa zamani siku mwenyewe atakapotaka kupanda ndege kurudi. Tunamlipisha mzazi wa Kimbo kitu kisichoweza kutumika.

Hofu hii ya kuzuiwa kaunta chanzo chake ni mashirika ya ndege. Chini ya Mkataba wa Chicago wa 1944, shirika lililombeba abiria aliyekataliwa ndilo humrudisha. Umoja wa Ulaya uliongeza adhabu: agizo la mwaka 2001 linazitaka nchi wanachama zilitoze faini shirika linaloleta abiria bila hati zinazotakiwa. Ndiyo maana karani wa kaunta huwa mkali. Lakini karani huyo hatungi sheria. Anasoma masharti kwenye mfumo wa Timatic wa shirikisho la IATA, na masharti hayo hutegemea aina ya viza. Karani akiwa na shaka, msafiri amwombe aangalie upya kwa viza iliyo mkononi, au amwite msimamizi wake. Bora zaidi, aliandikie shirika wiki kadhaa mapema na aubebe uwanjani ujumbe wa jibu lao.

Hatari kubwa zaidi ni hii. Ajenti anapokuambia binti yako anakwenda kufanya kazi miaka miwili na lazima awe na tiketi ya kurudi, muulize amemkatia viza gani. Mara nyingi utakuta ni ya matembezi, na ahadi kwamba "itabadilishwa akifika". Hapo ndipo tiketi ya kurudi inapohitajika kweli, kwa sababu binti anaingizwa kama mtalii. Akifika hana mkataba unaotambulika, na siku za viza zikiisha anahesabiwa mvunja sheria. Kwa mtu aliyeahidiwa kazi, sharti la tiketi ya kurudi ni dalili ya udanganyifu.

Wapo watakaosema, afadhali iwepo tu, kwa usalama. Usalama upi? Agosti 2020, wanawake Wakenya walikesha nje ya ofisi ya ubalozi wetu mdogo Beirut wakiomba kurudishwa. Katika mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, mwajiri anaweza kukalia pasipoti ya mfanyakazi, na hakuna tiketi inayolifungua kabati la mwajiri. Saudi Arabia ilipolegeza ruhusa ya kuondoka Machi 2021, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mageuzi hayo. Sheria ya kazi ya huko, kifungu cha 40, humtwika mwajiri nauli ya kurudi, lakini nayo haiwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Kwa hiyo nauli yao lazima iandikwe kwenye mkataba, iwe deni la mwajiri.

Hapa kwetu Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje ushuhudiwe na afisa wa kazi. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira nayo ina orodha ya maajenti wenye leseni. Hizo ndizo kinga za kweli, na ndizo ajenti mjanja hazitaji kamwe.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Kimbo, hasa waweka hazina wa kamati za michango. Kabla ya kutoa hata shilingi ya tiketi ya kurudi, mtakeni ajenti alete viza yenyewe, mkataba ulioshuhudiwa na leseni yake. Akivileta, mkatieni kijana tiketi ya kwenda tu, na pesa zilizobaki ziwekwe kwenye akaunti yenye jina lake, ziwe nauli yake siku atakayotaka kurudi. Akishindwa kuvileta, msitoe hata nauli ya kwenda.