Kabla ya kufungua moteri, tuangalie kwanza moshi



Kiangazi kilichopita, gari ya kaka yangu ilizimika katikati ya njia tukienda Kalemie. Ni Toyota Corolla ya zamani, ya esansi. Ndani mlikuwa na mama mjamzito aliyeandikiwa karatasi ya kwenda hospitali mjini, na familia moja ya wahami waliobeba unga wa mihogo wa kuuza. Tangu asubuhi gari ilikuwa inatetemeka na kutoa moshi mweusi. Sote tuliuona, hakuna aliyeuliza. Mama yule alimalizia safari usiku, juu ya pikipiki. Alifika salama, namshukuru Mungu. Lakini unga ulilala njiani, na wenyewe walilala nao.

Fundi wa kwanza hakufungua hata bujii moja. Alisema tu karbiratere imekufa. Kaka akauza mbuzi wawili, akanunua nyingine ya mitumba. Gari ikaendelea kutetemeka, na moshi ukabaki mweusi. Ndipo mzee mmoja wa garaji akaomba aangalie taratibu. Filtri ya hewa ilikuwa imejaa vumbi la barabara, na waya mmoja wa bujii ulikuwa umepasuka. Mbuzi wawili walikwenda bure.

Maoni yangu ni haya: hapa kwetu tunanunua kipande kabla ya kujua ugonjwa. Hatuwezi kukubali hivyo kwa mgonjwa wa malaria, ambaye kwanza anatobolewa kidole. Kwa nini tunakubali kwa gari inayobeba wagonjwa hao hao?

Moshi una rangi, na kila rangi inasema kitu. Ukiwa mweusi, esansi ni nyingi kuliko hewa. Anza na filtri ya hewa, kisha starta, kile kifuniko cha karbiratere cha kuwashia asubuhi, maana mara nyingi kinakwama. Karbiratere yenyewe ije baadaye. Moshi wa bluu ni mafuta ya moteri yanayoungua. Ukitoka kidogo asubuhi ya kwanza halafu unapotea, mara nyingi ni mipira ya valvu iliyochoka. Ukizidi kila unapokanyaga kupanda mlima, shuku pete za pistoni. Hapo ongeza mafuta kila siku huku ukitafuta pesa, kwa sababu moteri bila mafuta hufa moja kwa moja.

Moshi mweupe asubuhi ya baridi, unaoisha baada ya dakika chache, ni mvuke tu. Ukiendelea gari ikiwa moto, na maji ya radiatere yanapungua, au mafuta yamekuwa kama chai ya maziwa, jwenti ya kulasi imeungua. Simamisha gari hapo hapo. Wala usifungue radiatere ikiwa bado moto. Maji yake yanachoma watu usoni.

Kutetemeka nako kuna njia yake. Moteri ya silinda nne, moja ikiacha kufanya kazi, gari hutikisika kama mtu mwenye homa. Fundi azime moteri, achomoe waya wa bujii moja, auchomeke kwenye bujii ya zamani iliyoegemea chuma cha moteri, mbali na esansi, kisha awashe kidogo tu na kusikiliza. Mtu asiguse waya huo wakati huo, unapiga kama umeme. Sauti ikibadilika, silinda ile ni nzima. Isipobadilika, ndiyo mgonjwa. Kisha atoe bujii yake: rangi ya kahawia iliyokauka ni nzuri, masizi meusi makavu ni esansi nyingi, utelezi wa mafuta ni pete au valvu, na ikiwa imelowa esansi, cheche haifiki.

Wako watakaosema lawama yote ni ya kadafi, wale wanaotuuzia esansi kwenye chupa kando ya barabara. Si uongo wote. Esansi iliyochanganywa na petroli ya taa inafanya moteri igonge na kuwaka kwa shida. Lakini hilo pia linapimwa. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto na sigara: esansi safi inakauka bila doa, petroli ya taa inaacha alama ya mafuta. Na ukiacha chupa itulie, maji yanashuka chini, utayaona kwa macho. Kadafi mwaminifu hataogopa karatasi yako.

Najua mafundi wetu hawana mashine za kupima. Wengi walijifunza chini ya mwembe, na wanatusaidia sana. Lakini macho na masikio hayanunuliwi. Ninawaomba jambo moja: mwonyesheni mwenye gari kitu kilichoharibika, mkononi mwake, kabla ya kutaja bei. Nanyi wenye magari, msitoe pesa ya kipande ambacho hamjaonyeshwa ubovu wake.

Sisi abiria pia tuache kunyamaza. Mhami aliyekimbia na watoto na sufuria moja halipi nafasi kwa pesa ya mchezo. Ukiona moshi mzito kabla ya kupanda, muulize shofa: ni rangi gani, tangu lini, na nani ameangalia? Akikasirika, subiri gari nyingine. Kuchelewa Niemba, penye watu na maji, ni afadhali kuliko kulala porini na mgonjwa.

Ni mimi, mwandishi wenu wa Niemba.