Bakuli la Zahera Halikuwa Aibu

Kila tunapokutana na watani wetu wa Msimbazi, hakosekani mmoja wao wa kutukumbusha bakuli. Hata tulipowafunga mabao matano kwa moja, tarehe 5 Novemba 2023, siku ambayo Max Nzengeli alipachika mawili peke yake, walikuwapo waliotoka uwanjani wakisema: "Lakini nyinyi ndio mliotembeza bakuli." Utani ni haki yao, wala simnung'unikii mtani. Kinachonikera ni kuwaona wapenzi wa Yanga, watu wazima wenye kadi mfukoni, wakiinamisha vichwa bakuli linapotajwa, kama kwamba baba yao ametajwa kuwa mwizi.

Nasema wazi: katika miaka yote niliyoifuata timu hii, hakuna msimu uliokuwa wa heshima zaidi kuliko ule wa bakuli.

Wako watakaouliza gazeti la Chama lina shughuli gani na mpira. Ndugu hao wasome historia. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, wakati Mwafrika hakuwa na baraza la kusemea wala kura ya kupiga katika nchi yake mwenyewe. Alichokuwa nacho ni vyama vyake vidogo vidogo: vya ngoma, vya kuzikana, vya mpira. Humo ndimo watu wetu walimojifunza kuchagua mwenyekiti, kuandika mambo ya mkutano katika daftari, kukusanya senti na kuzitolea hesabu mbele ya wenzao. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, haikuwakuta watu wasiojua maana ya kadi na ada. Na Mwalimu Nyerere aliposafiri kwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1955 kuisemea Tanganyika, nauli yake haikutoka kwa tajiri mmoja. Ilichangwa na wanachama. Je, lile nalo lilikuwa bakuli la aibu?

Basi tuutazame msimu wenyewe wa 2018/19, maana wengi wanaucheka bila kuukumbuka. Bwana Yusuf Manji alikuwa amejiuzulu uenyekiti Mei 2017. Alipokuwapo, fedha zilikuwapo. Alipoondoka, mishahara ikaanza kuchelewa. Simlaumu marehemu Manji kwa kuondoka, kwani mtu huondoka. Nawalaumu waliokaa miaka wakipiga makofi bila kujiuliza siku akiondoka itakuwaje. Klabu yenye wapenzi kila mkoa, kila wilaya, mpaka vijiji visivyofika basi, ilikuwa ikila kwenye sahani ya mtu mmoja.

Ndipo akaja Mwinyi Zahera kutoka Kongo. Mwalimu huyu hakuwa na wachezaji wa bei kubwa. Alikuwa na Heritier Makambo mbele, kijana wa Kikongo mwenye njaa ya mabao, na nyuma yake kundi la wachezaji ambao magazeti yaliwaandika kuwa hawatamaliza hata katika nne bora. Zahera akawaambia wapenzi mambo yalivyo: timu ni yenu, timu haina kitu, toeni. Na watu wakatoa! Ndoo zilipita majukwaani, matawi yakachanga, mwenye elfu akatoa elfu na mwenye mia tano akatoa mia tano. Yanga ile, ya mishahara ya kusuasua, ilimaliza ya pili katika ligi nyuma ya Simba, na kwa muda mrefu wa msimu ndiyo iliyokuwa ikiongoza. Tuonyesheni timu nyingine iliyobebwa na watu wake namna ile.

Sisemi kwamba kila jambo lilikwenda sawa. Golikipa Beno Kakolanya, ambaye tarehe 30 Septemba 2018 aliwazuia Simba mpaka mpira ukaisha bila bao, baadaye aliacha kazi akidai fedha zake. Zahera akakataa kumrudisha, na wapenzi wengi wakamwita msaliti, hasa alipokwenda Simba mwaka 2019. Hapo mimi sikuwa upande wa Zahera. Mchezaji ni mfanyakazi, naye ana mke na wazazi wanaomtazama. Mtu hawezi kupigania haki ya kuli bandarini na ya mkata mkonge shambani, halafu akamwambia golikipa adake mipira bure kwa kuipenda jezi. Bakuli lilikuwa jema, ila lilipitishwa kwa kuchelewa. Lingepitishwa mwaka 2015, wakati fedha zimejaa, Kakolanya asingeondoka.

Sasa tuje katika miaka ya neema. Kampuni ya GSM iliingia, fedha zikaonekana, na kazi ikaonekana. Msimu wa 2021/22 tulichukua ubingwa bila kufungwa hata mchezo mmoja wa ligi. Michezo 49 ikapita bila kufungwa, mpaka Ihefu walipotufunga mbili kwa moja kule Mbarali tarehe 29 Novemba 2022, na kwa kweli siku ile walistahili. Tulicheza kama watu waliokwenda kutalii. Ubingwa tukauchukua tena 2022/23, na 2023/24, na 2024/25. Mwenye kusema fedha za GSM hazikufanya kitu ni mwongo.

Fiston Mayele ndiye mshambuliaji wa kati mkali kuliko wote niliowaona katika njano na kijani. Hakuwa fundi wa kupiga chenga. Alikuwa mtu wa kufika. Mpira ukianguka ndani ya boksi, yeye yupo, na kichwa chake kilikuwa na shabaha kama mguu wa mtu mwingine. Katika fainali ya Kombe la Shirikisho, tarehe 28 Mei 2023, alisawazisha dakika ya 82 na Uwanja wa Mkapa ukawa kama utapasuka. Dakika mbili baadaye tukafungwa la pili na USM Alger. Dakika mbili! Tulikuwa bado tunashangilia, na mabeki nao, naona, walikuwa wanashangilia pamoja nasi. Tukaenda Algiers tarehe 3 Juni, Djuma Shaban akafunga kwa penalti, tukashinda moja bila, na kombe likabaki kwa Waarabu kwa sheria ya mabao ya ugenini. Watu wanasema tulilikosa kombe Algiers. Tulilikosa Dar es Salaam, katika zile dakika mbili.

Na mwaka uliofuata, Aprili 2024, kule Pretoria, mpira wa Aziz Ki uligonga mwamba ukaanguka chini, na macho ya Tanzania nzima yakaona umevuka mstari. Refa akaona vingine, na Mamelodi Sundowns wakatutoa kwa penalti. Hilo sitaliandika zaidi, maana wino utaisha.

Wako ndugu wa siasa kali wanaosema: hao wote ni wageni, waondoke, nafasi wapewe watoto wa nchi. Mimi ni mtu wa Chama, nami nasema maneno hayo hayana Chama ndani yake. Mayele wa Kongo, Diarra wa Mali, Aziz Ki wa Burkina Faso, Pacome wa Kodivaa, Musonda wa Zambia: ni mgeni gani hapo? Mipaka inayowaita wageni ilichorwa na mabwana wa Ulaya waliokuwa hawajaiona mito waliyoigawa. Mwafrika akivaa jezi yetu na kuivujia jasho, ni ndugu. Haja ya kijana wetu ni kulelewa, na akilelewa atashindana na Mkongo bila kubebwa. Clement Mzize alitoka katika timu yetu ya vijana, akakaa nyuma ya Mayele akijifunza, na tarehe 25 Juni 2025 alifunga bao la pili lililowazika Simba na kutupa ubingwa. Ibrahim Bacca tulimtoa KMKM ya Zanzibar, na leo niambieni ni beki gani wa kigeni mngebadilishana naye. Mimi simwoni.

Lakini tazameni jambo hili. Mayele alikwenda Pyramids ya Misri mwaka 2023. Bangala na Djuma Shaban wakaondoka mwaka ule ule. Nabi, mwalimu aliyetupeleka fainali, akaondoka. Aziz Ki akaenda Wydad mwaka 2025. Ndivyo ulivyo mpira, na hakuna wa kulaumiwa. Swali ni hili: katika fedha zote zilizopita, ni kitu gani kimebaki ardhini?

Klabu ya mwaka 1935 haina uwanja wa kuchezea mechi zake. Tuna Uwanja wa Kaunda pale Jangwani, jina kubwa la mpigania uhuru mkubwa, na mvua zikinyesha unageuka bwawa. (Mto unaotufurisha unaitwa Msimbazi; hata maji yana utani.) Mabingwa wa nchi wamekuwa wakifanya mazoezi Avic Town, Kigamboni, mahali pasipo mali ya klabu. Mechi kubwa tunachezea Mkapa, uwanja wa Serikali uliofunguliwa mwaka 2007, na pengine twabisha hodi Chamazi kwa Azam, klabu ya juzi tu, ambayo haina robo ya wapenzi wetu lakini ilitangulia kujenga kabla ya kutamba.

Na asiye na uwanja hupangiwa. Mei 2025 watani wetu walifika fainali ya Shirikisho dhidi ya Berkane ya Morocco. Walikuwa wamefungwa mbili bila ugenini na walikuwa wanahitaji halaiki ile ya Mkapa nyuma yao. Shirikisho la Afrika likasema Mkapa haufai, nyasi mbovu, na mechi ikahamishiwa Amaan, Zanzibar, uwanja mdogo zaidi. Ikaisha moja kwa moja na kombe likaondoka. Wengi wetu tulicheka usiku ule, na mimi nilicheka. Asubuhi nilipofikiri, nikaona waliyofanyiwa wao leo twaweza kufanyiwa sisi kesho, kwa kuwa sote ni wapangaji.

Tunajiita Wananchi. Neno hilo si la kuimbia tu. Mwananchi ni mwenye nchi, na mwenye kitu hukilipia. Sisi tunaozunguka mitaani kukusanya ada za Chama tunamjua vizuri yule mtu anayepiga kelele kuliko wote mkutanoni na ukimfungua kadi unakuta kurasa nyeupe. Yanga imejaa watu wa namna hii. Anaweza kukutajia kikosi cha mwaka 1998 kilichoingia makundi ya Klabu Bingwa Afrika, golikipa mpaka wa akiba. Muulize ameilipia lini ada, atakwambia habari za GSM.

Wala siwaambii GSM waondoke. Wakae, walete wachezaji, tuwashukuru. Ila fedha ya mdhamini ifanye kazi ya mdhamini, na ada ya mwanachama iwekwe mahali pake, katika hesabu yake, isichanganywe na mishahara, itengwe kwa kitu kimoja kisichouzwa kwa klabu ya Misri: uwanja. Maneno ya uwanja yamesemwa na kila uongozi tangu baba zetu. Mwanachama aliyelipa ndiye tu anayeweza kusimama katika mkutano mkuu na kuuliza maneno hayo yamefikia wapi. Asiyelipa akiuliza, ataambiwa akae chini, na itakuwa haki.

Kwa hiyo natoa shauri kwa matawi yote, la mjini na la shamba. Mkutano wenu ujao wa tawi, kabla ya kuzungumza usajili, na kabla ya kumsema refa yeyote, katibu asome orodha ya wanachama wote kwa sauti: jina, na mwezi wa mwisho aliolipa ada. Aanze na jina la mwenyekiti wa tawi, afuate la kwake mwenyewe.